Nilivyofunga Hesabu za Mgombea Ujaji Aliyeshindwa

Katika jimbo la Florida nchini Marekani, majaji wa mahakama za kaunti huchaguliwa kwa kura, na rafiki yangu wakili alipoamua kugombea aliniomba niwe mhazini wake, kwa kuwa uhasibu ndiyo kazi yangu. Mgombea ujaji huko haruhusiwi kumwomba mtu mchango yeye mwenyewe. Kamati yake ndiyo huomba, na wanaoombwa zaidi ni mawakili, yaani watu walewale watakaosimama mbele yake akishinda. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ililiidhinisha katazo hilo kwa kura 5 dhidi ya 4, katika shauri la Lanell Williams-Yulee, aliyetia saini barua ya kuomba michango, akashindwa uchaguzi, na bado akapewa karipio la hadharani. Nilisoma shauri hilo kabla ya kufungua akaunti, nikaelewa kwamba kushindwa hakumwondolei mgombea wajibu wowote.

Uzito ulikuwa katika majuma ya mwisho. Sheria ya jimbo inakataza kuagiza chochote kabla fedha za kukilipia hazijawa benki, kwa hiyo wanakamati walipotaka vipeperushi zaidi kwa mkopo nilikataa, ingawa mabango ya mpinzani wetu yalikuwa yamejaa barabarani. Hundi zilizofika zikiwa zimebaki chini ya siku 5 kabla ya kura tulizirudisha kwa wenyewe. Walionilaumu walikuwepo, lakini naamini katazo hilo la mkopo humlinda mgombea kuliko kifungu kingine chochote: aliyeshindwa haruhusiwi tena kupokea mchango, na deni lingemwangukia yeye peke yake.

Tulishindwa mwezi Agosti, na sheria ikatupa siku 90 za kumaliza fedha zilizobaki. Nililipa ankara za kazi zilizokwisha kuagizwa, kisha tangazo dogo la kuwashukuru wapiga kura. Rafiki yangu, aliyekuwa ameingiza akiba yake katika kampeni, aliona haya kujirudishia. Nilimweleza kwamba sheria inaruhusu, na kwamba ni haki, maana tukitaka majaji wasiotoka katika familia tajiri hatuwezi kumtaka kila anayeshindwa afilisike. Kilichosalia tungeweza kukitoa kwa shirika la hisani, ila tuliona ni vyema kukirudisha kwa wachangiaji wote, kila mmoja kwa uwiano wa alichotoa, kuanzia waliofikia kikomo cha dola 1,000 hadi waliotoa dola 20. Ripoti ya mwisho niliiwasilisha salio likiwa sifuri, na stakabadhi zote nimezihifadhi.