Kujenga Gitaa la Besi Katika Ukame wa Dodoma

Leo jioni nimemaliza kukata nafasi za freti, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyotenganisha noti, kwenye ubao wa vidole ulio juu ya shingo ya gitaa, na tangu nianze kulijenga gitaa hili la besi kwa mikono, hii ndiyo kazi iliyonidai utulivu kuliko nyingine zote. Ubao wenyewe ni wa mpingo, mti uleule ambao mafundi wa Ulaya huuagiza kwa ajili ya klarineti, mgumu kiasi kwamba msumeno mwembamba hupata moto upesi na kulazimika kupumzishwa, huku vumbi lake la zambarau iliyokolea likijikusanya kwenye kingo za mkato. Vumbi hilo huwasha pua na ngozi, kwa hiyo sikuvua barakoa hata mara moja.

Urefu wa uzi kutoka kwenye nati, kipande kinachoshika nyuzi juu ya shingo, hadi kwenye daraja linalozishika mwilini, ni milimita 864, yaani inchi 34, kipimo ambacho mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, Leo Fender, alikitumia mwaka 1951 katika besi yake ya Precision Bass na ambacho kimebaki kuwa cha kawaida hadi leo. Kila nafasi hupatikana kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817, freti ya kwanza inakaa milimita 48.5 kutoka kwenye nati, ya pili milimita 45.8 mbele yake, hivyohivyo hadi ya kumi na mbili inayoangukia katikati kabisa ya uzi. Naipenda hesabu hii kwa sababu haina huruma: mkato ukihama nusu milimita, sikio la mpigaji litaujua.

Wanaopita hapa kwangu Ipagala, Dodoma, huvutiwa zaidi na mwili wa mninga, na ni kweli kwamba rangi yake baada ya msasa inapendeza mno. Moyo wangu, hata hivyo, uko kwenye shingo. Nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, usiku na mchana, na shingo inapaswa kuuhimili mvuto huo bila kupinda. Ndiyo maana nimeiunganisha kwa vipande vitatu vya mninga vilivyogeuziana nyuzi za mbao, na ndani yake nimelaza fimbo ya chuma ya kurekebishia mpindo wake.

Jambo linalonifanya niamini kwamba gitaa la kupigwa Dodoma lijengwe Dodoma ni hewa yetu. Mbao zikikauka husinyaa kwa upana na si kwa urefu, ilhali freti, kwa kuwa ni chuma, hazisinyai pamoja nazo. Nimewahi kushika besi iliyoletwa kutoka Dar es Salaam ikiwa laini pembeni, na baada ya miezi michache ya kiangazi cha huku ncha za freti zilikuwa zimechomoza na kumkwaruza mpigaji kiganja. Fundi seremala mmoja wa Majengo, mzee ninayemheshimu sana, ndiye aliyenielekeza nizipange mbao zangu ndani ya nyumba, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, nisiziguse mpaka msimu wa mvua upite. Nilimtii, na sasa nikiweka rula juu ya shingo, mwanga haupenyi popote.

Wapo wanaoona ninahangaika na kitu cha kigeni. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa Wagogo wamechonga zeze na ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwa mikono yao katika ardhi hii kwa vizazi vingi, na marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizipeleka ala hizo hadi kwenye majukwaa ya Ulaya.

Pikapu, kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi, nitaisuka mwenyewe kwa waya mwembamba wa shaba, koili mbili zilizounganishwa kinyume na zenye sumaku zilizogeuziana ili mvumo wa umeme ujifute. Freti nitazigonga mwishoni mwa kiangazi, mpingo ukiwa umekauka kadiri unavyoweza kukauka hapa, ili mvua za Desemba zikija ubao utanuke kidogo na kuzifunika ncha badala ya kuziacha wazi.