Jimny yangu ya 2003, miaka minne kwenye milima ya Usambara

Kila nikipaki pale sokoni Lukozi lazima aje mtu aizunguke hii gari, achungulie chini, halafu aulize "vipi dada, hii kitu inapanda kweli?" Nimejibu sana kwa mdomo, leo naandika yote, mazuri yake na yale yaliyonitoa machozi, maana nimekaa nayo miaka minne sasa na kazi yake ni ileile kila wiki, Lushoto kwenda shamba, shamba kwenda sokoni, mvua iwepo isiwepo.

Yangu ni Suzuki Jimny Sierra ya 2003, injini 1.3 ile M13A, gia tano za mkono. Nguvu zake ni farasi 88 tu na najua kuna watu wakisikia hapo wanaacha kusoma, ila gari yenyewe uzito ni kama tani moja na kidogo, na kwenye tope uzito mdogo una thamani kuliko farasi wengi, hili nimeliona kwa macho yangu.

Masika ya mwaka juzi natoka Lukozi kurudi Lushoto, jioni, mvua imepiga tangu saa nane. Kuna kona moja ina kipandio kirefu na ule udongo wetu mwekundu ukishalowa unakuwa kama sabuni. Nikakuta Canter ya kabichi imelalia mtaro, nyuma yake kuna taxi ndogo imekwama, na vijana wako pembeni miguu mitupu wananipungia mkono nisimame. Nikasimama. Nikakanyaga klachi, nikavuta ule mti wa pili, wa transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), mpaka 4L, yaani matairi yote manne kwa mwendo wa polepole wenye nguvu, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi taratibu na mafuta nikayagusa kidogo tu. Haikukimbia, haikunguruma, ilitambaa. Nilikuwa nasikia mawe yanagonga kwa chini na tairi la mbele linatafuta pa kushika, linateleza nusu mzunguko, linashika, tunasogea tena, na ikapita kati ya Canter na ukingo kwenye upenyo ambao gari pana isingeenea. Nilivyofika juu nikateremka na kamba, Canter hatukuigusa kwasababu ni nzito mno, ila ile taxi tuliivuta ikatoka. Kwakweli siku ile niliipenda hii gari moja kwa moja.

Sasa kwanini inaweza. Jimny ya zamani imejengwa kama lori dogo, ina chesisi ya chuma ya peke yake na bodi imekalishwa juu yake, halafu ekseli zote mbili, mbele na nyuma, ni nzima kutoka tairi mpaka tairi. Tairi moja likipanda jiwe linasukuma lile jingine chini, kwahiyo yote mawili yanaendelea kushika ardhi. Gari nyingi za siku hizi zinazoitwa za porini hazina hivyo vitu, zina springi za kila tairi kivyake na bodi iliyounganishwa yote, ziko laini sana kwenye lami, sikatai, lakini zikikutana na korongo tairi moja linabaki hewani linazunguka bure.

Ila kuna jambo wengi wanakosea. Hii fowili, yaani kuendesha kwa matairi yote manne, sio ya kuacha imewekwa muda wote. Haina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti, kwahiyo mbele na nyuma vinafungwa pamoja vizunguke sawasawa, na ukikata kona matairi ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo inaishia kwa tairi kuteleza kidogo na hakuna shida. Kwenye lami kavu haina pa kuishia, utasikia stelingi inakuwa nzito na gari inajikaba, na ukiendelea hivyo unaua transfa yako mwenyewe. Lami ni 2H, matairi ya nyuma tu, basi.

Ukoo wake nao ni mrefu. Jimny ya kwanza, LJ10, ilitoka Japani mwaka 1970 na injini ya cc 359, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa, na Suzuki hawakuianza toka sifuri, walinunua muundo kutoka kampuni ndogo iliyoitwa Hope Motor. Baadaye zikaja zile za boksi boksi ambazo wazee wanaziita Samurai, halafu hii yangu ya mviringo iliyotengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2018, miaka 20 sura karibu ileile. Na mwaka 2007 Samurai iliyofanyiwa marekebisho ilipandishwa kwenye mlima Ojos del Salado kule Chile mpaka mita 6,688. Kilimanjaro yetu ni 5,895, hebu piga hesabu.

Haya, matatizo. Nilivyoinunua nilijaribu kila kitu isipokuwa fowili yenyewe, kwasababu nilijaribia mjini kwenye lami. Mvua ya kwanza nimeweka 4H, yaani matairi manne kwa mwendo wa kawaida, taa ya dashibodi imewaka vizuri kabisa, na tairi zinazozunguka ni za nyuma tu. Nikalala njiani. Kumbe habu za mbele, zile zinazounganisha tairi na ekseli, kwenye hizi gari zinafungwa kwa upepo, injini inanyonya hewa kupitia mipira myembamba inayoshuka mpaka kwenye tairi, na ile mipira ikizeeka inapasuka na habu hazikamati. Kwahiyo ukienda kununua beba jeki. Weka mawe kwenye matairi ya nyuma, nyanyua tairi moja la mbele, washa injini, gia iwe fri, transfa 4H, halafu jaribu kulizungusha kwa mkono. Likikugomea, habu zimekamata. Likizunguka kirahisi, anza kupunguza bei. Mimi mwishoni niliachana na mambo ya upepo nikafunga habu za kuzungusha kwa mkono, nateremka nazifunga kabla ya kuingia kwenye tope, na toka hapo sijalala njiani tena.

La pili ndo lilinitisha zaidi. Naenda Dar, pale karibu na Mkata niko kwenye 70 hivi, nikakanyaga shimo dogo, na stelingi ikaanza kupiga kushoto kulia kwa nguvu mpaka mikono inaniuma, gari yote inatetemeka, nyuma yangu kuna basi. Ilitulia nilivyoshusha mpaka 40. Gereji ya kwanza wakaniambia ni balansi, nikabalansi. Ya pili wakasema tairi, nikanunua tairi nne mpya. Ikarudi vilevile. Hela imeenda na naogopa kuendesha gari yangu. Nikaja kupata fundi mmoja mzee kule Korogwe, namwamkia shikamoo mzee, hata sijamaliza kueleza akanyanyua mbele, akashika tairi juu na chini akalitikisa, tukasikia kok kok. Akaniambia "mwanangu, kingipini hizi zimekwisha, balansi haiwezi kutibu." Kingipini ni zile pini ambazo tairi la mbele linageukia ukikata stelingi. Akafungua, beringi zake zikatoka na kutu, zimekauka, nyingine imesagika kabisa. Akabadilisha beringi na sili zake pande zote mbili, akaziweka grisi, na mpaka leo stelingi imetulia. Kama una Jimny inatetemeka, anzia hapo, usinunue tairi.

Mengine ni ya kuishi nayo. Milango miwili, kwahiyo shangazi yangu mwenye magoti mabovu anakaa mbele siku zote, hakuna mjadala. Ukiacha viti vya nyuma vimesimama nafasi ya mzigo haipo, nikilaza naingiza magunia mawili ya viazi na mabegi. Tangi ni lita 40, mimi napata kilomita 11 kwa lita kwenye lami na mlimani inashuka mpaka 8. Na barabara ya Segera kwenda Chalinze inachosha, malori yanakupita na upepo unakusukuma, safari ya mbali naenda kwa basi siku hizi.

Sa hivi kuna mtetemo mdogo ukiondoka na gia ya kwanza, ni raba za transfa zimelika, ugonjwa wa kawaida wa hizi gari. Nimeshaagiza, zitakuja na basi Alhamisi. Zikifungwa tu napanda mpaka Mtae kabla masika hayajaanza, ile kingo ya mwisho ambayo ukisimama unaiona hifadhi ya Mkomazi yote chini, na shangazi ameshasema kiti cha mbele ni chake.