Nilivyompata babu wa mume wangu kwenye daftari la kodi

Kila niliyemuuliza nitawapataje wahenga wa mume wangu alinijibu vilevile: sensa ya Kentucky, jimbo la Marekani, ya 1790 haipo, ya 1800 haipo, utaanzia 1810, nyuma ya hapo ni giza tupu. Waliosema hivyo naona hawajawahi kufungua daftari la kodi. Serikali yaweza kupoteza sensa, lakini nani kaisikia serikali iliyosahau kudai kodi?

Mimi ni Mtanga, nimeolewa Lexington, humo humo Kentucky, mji ambao siku hizi Kiswahili unakisikia hadi kwenye foleni ya duka kwa sababu ya ndugu zetu Wakongo. Ukoo wa mume wangu ni wa walowezi waliovuka milima ya Appalachia kutoka Virginia, wakati Kentucky yenyewe ilikuwa bado sehemu ya Virginia, kabla haijawa jimbo Juni 1792. Mama mkwe alitaka kujua walitua wapi hasa. Wanawe wakanyamaza, mkwe nikajitia kimbelembele. Kaka yangu aliposikia akacheka kwenye simu: "Dada, wa kwetu tu waliozikwa Pangani huwajui wote, leo unahangaika na wazungu wa miaka mia mbili?" Nikamwambia wa kwetu hakuna mtu aliyekuwa akipita kila mwaka kuwahesabia farasi. Hawa walihesabiwa.

Shida ya kwanza ilikuwa jina. Jina lao kwetu ungesema Juma Hamisi. Kaunti ya Madison peke yake, mwaka mmoja, nilikuta watatu. Mjomba mmoja wa ukoo alishawaunganisha wote watatu kuwa mtu mmoja kwenye mti wake wa ukoo wa intaneti, mtu mwenye wake watatu kwa wakati mmoja, tena Mbaptisti, na aliyeingia Kentucky bega kwa bega na Daniel Boone, yule mwindaji maarufu aliyewaongoza walowezi kuvuka milima. Ukiwasikiliza watu wa huku, msafara wa Boone ulijaa kama mwendokasi ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi.

Nilianza pale wajuzi waliponielekeza: faharasa ya Ofisi ya Ardhi ya Kentucky, ambayo picha za hati zake zipo mtandaoni bure. Nikaandika jina kwa herufi moja, kwa herufi mbili, na "e" mwishoni, bila "e", kwa namna karani mwenye usingizi angeweza kulisikia. Wakatokea watu wa jina hilo, ndiyo, lakini mmoja ardhi yake iko huko Jefferson, upande wa Louisville, na mwingine ana maelfu ya ekari ambazo mkulima wa kawaida hawezi hata kuziota. Wetu hayumo. Nilikesha na hiyo faharasa hadi mume akaanza kujipikia mwenyewe. Na ushauri nilioupata hapo ulinikera kuliko wote: "Basi alikuwa maskini, hakuwa na ardhi."

Alikuwa nayo. Ila ili uelewe kwa nini hakuonekana, lazima ujue ardhi ilipatikanaje. Sheria ya Virginia ya 1779 iliweka ngazi nne: unapata kibali, unaandikisha kipande unachokitaka, mpima anakuja na mnyororo wake, mwisho gavana anatoa hati. Aliyeishi na kulima huko kabla ya 1778 alistahili ekari 400, na haki ya kununua 1,000 nyingine za jirani. Wengine walinunua vibali kwa fedha, pauni 40 kwa ekari 100 hapo mwanzo. Kibali kilikuwa kinauzwa mkono kwa mkono kabla ngazi ya nne haijafikiwa, na vipande vilipandiana vibaya sana. Huyo Boone wao mwenyewe alinyang'anywa ardhi kwa kesi. (Shawnee na Cherokee, ambao hapo palikuwa mawindo yao, hawakuwa na ngazi hata moja.) Sasa, ile faharasa hukuonyesha aliyepewa hati na gavana. Aliyenunua kutoka kwa huyo baadaye, humwoni. Na watu wa kawaida wengi ndio hao, wanunuzi wa mkono wa pili.

Daftari la kodi ndilo lililonitoa. Kabla sijaendelea: usitafute jina kwa kuandika. Fungua picha moja baada ya nyingine, kaunti yako, mwaka hadi mwaka. FamilySearch, tovuti ya kutafutia koo, wanazo bure. Safu za madaftari hayo ni burudani: wanaume weupe wa miaka 21 na zaidi, vijana wa 16 hadi 21, farasi, ardhi ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, hata meza za biliadi na magurudumu ya magari ya farasi. Kwenye ardhi kuna safu ambazo wengi huzipita mbio: kijito kilicho karibu, kisha jina la aliyeandikisha, la aliyepimiwa, na la aliyepewa hati. Wetu alikuwa na ekari 150 kwenye kijito cha Paint Lick, na katika safu zote tatu, jina la mtu mwingine kabisa! Nilipiga kigelegele nikiwa maktabani Frankfort, mji mkuu wa Kentucky, watu wakanigeukia. Sijali.

Vijito hivyo hivyo ndivyo vilivyowatenganisha akina Juma Hamisi wetu. Mmoja Otter Creek, mmoja Silver Creek, mmoja Paint Lick, kila mwaka na ekari zilezile. Wake watatu wakapata kila mmoja mume wake.

Lile jina la kigeni nikalirudisha kwenye Ofisi ya Ardhi, likatoa karatasi ya upimaji papo hapo. Inaanzia kwenye mwaloni mweupe ukingoni mwa kijito, inakwenda kaskazini digrii kadhaa mashariki, poli 120, hadi mijozi miwili na mti wa sukari, na kuendelea. Poli moja ni futi 16 na nusu, yaani mita tano na kidogo. Wataalamu waliniambia ninunue programu. Nikachukua karatasi ya kuokea mikate jikoni, rula, na kipimapembe cha mwanangu wa darasa la tano, nikachora kwa kipimo cha ramani ya 1:24,000, ambapo poli 120 ni sentimita mbili na nusu tu. Mstari wa mwisho haukurudi ulikoanzia, ukaacha pengo. Hilo lisikutishe, wapima wa enzi zile walikuwa wakipita msituni huku wakiogopa kupigwa risasi. Nikaiweka karatasi juu ya ramani, haikukaa. Kisha nikakumbuka kwamba kaskazini ya dira huhama kadiri miaka inavyokwenda, nikaanza kuizungusha karatasi taratibu, kushoto kidogo, tena kidogo. Ghafla ile kona ya kijito kwenye mchoro wangu ikalala juu ya kona ya Paint Lick kwenye ramani, sawasawa. Karatasi ya kuokea! Hizo ekari 150 zilikatwa humo baadaye, na hati ya mauzo ikapatikana kwa karani wa kaunti, mji wa Richmond, kwa bei ya nakala ambayo haifiki hata chakula cha mchana.

Baada ya hapo mzee akatoweka. Mwaka 1797 Madison hayumo. Mti wa mjomba unasema alihamia Tennessee. Nikatazama mipaka: kaunti ya Garrard ilimegwa 1796 kutoka Madison, Lincoln na Mercer, na Paint Lick ndicho kilichofanywa mpaka. Nikafungua daftari la Garrard, huyo hapo, ekari 150, kijito kilekile, jina lilelile la mwenye hati. Hakuhamisha hata sufuria.

Halafu upo mwaka mmoja ambao hayumo popote, si Madison si Garrard. Usimzike mtu kwa sababu ya mwaka mmoja. Babu yangu mimi, enzi za kodi ya kichwa, akisikia jumbe anakuja na daftari, alikuwa na safari ya ghafla ya mashamba ya mbali. Mwaka uliofuata mzee wa Paint Lick akarudi, farasi kaongezeka.

Watoto niliwapata kwenye ile safu ya vijana. Kijana anatokea humo akiwa amefika 16, anakaa, safu inakuwa tupu, na mwaka huohuo jina jipya la ukoo uleule linajitokeza, mtu mzima mmoja, farasi mmoja, ardhi hakuna. Ndiyo 21 hiyo, toa hesabu umpate mwaka wa kuzaliwa, kwa kukisia. Na siku jina la mzee lilipokoma, ekari zikaandikwa kwa mjane.

Lakini kuna safu nyingine, na hii sikuitafuta. Imeandikwa weusi wa zaidi ya miaka 16, kisha weusi kwa jumla, na inayofuata ni farasi. Kwa miaka mingi mzee ana sifuri. Kisha mwaka mmoja ana mmoja, na kwa jumla wawili. Simulizi ya ukoo huu, niliyoisikia kila chakula cha sikukuu tangu nifike, ni kwamba walikuwa maskini wa Mungu, hawakumiliki mtu. Mume alisema tumwambie mama polepole. Nikakataa, aliyeniomba ni yeye. Nikamwekea picha mezani, nikamwonyesha safu kwa kidole. Akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Majina yao yako wapi, mwanangu?" Hayapo, nikamjibu. Daftari la kodi la Kentucky linaandika idadi. Kwenye wosia wa mzee ndiko walikotajwa, mwanamke na mtoto, jina moja moja, kati ya kitanda cha manyoya na ng'ombe. Siku ile mimi na yeye hatukupika.

Sasa ameniagiza niwatafute hao kwanza, baba wa mzee atasubiri. Kwa hiyo nimerudi Virginia, ambako orodha za kodi ya mali zinaanzia 1782, na katika miaka ya mwanzo makarani wa kaunti nyingi waliandika watumwa kwa majina. Nikikuta jina la yule mwanamke kwa jirani au kwa baba mkwe wa mzee, nitajua alitoka kwa nani. Kama nawe unaagiza nakala huko, angalia sana: kuna Richmond ya Kentucky, yenye karani wa Madison, na kuna Richmond ya Virginia, yenye maktaba ya jimbo. Andika jimbo kwa herufi kubwa kwenye bahasha.