Siku moja thieta: kutoa silikoni ya sindano za makalio

Saa 12.20 asubuhi

Nairobi mwezi wa Julai, thieta iliyolala bila watu huwa kama jokofu. Kazi ya kwanza ya muuguzi wa thieta ni kupandisha joto la chumba hadi nyuzi 22 au 23, kuwasha blanketi la hewa moto na kuingiza chupa za maji ya chumvi kwenye kabati la kupashia. Mgonjwa wa leo atalala kifudifudi kwa muda wa saa nne hivi, mgongo na makalio wazi. Mtu akipoa chini ya nyuzi 36 damu yake huchelewa kuganda, na upasuaji huu huvuja damu hata siku mambo yakienda vizuri.

Vyombo napanga kwenye meza mbili. Ya kwanza ni ya kukatia, na itachafuka na silikoni kuanzia dakika ya kumi. Ya pili ina vya kufungia jeraha, na hakuna anayeigusa hadi timu ibadilishe glavu na gauni. Kibanio chenye silikoni hakishiki sindano ya kushonea, na silikoni ikiachwa kwenye kingo za jeraha, jeraha halifungi.

Kwenye ubao wa orodha imeandikwa: *makalio yote mawili, awamu ya 1.* Hiyo "awamu ya 1" ndiyo ngumu kumweleza mgonjwa.

Saa 1.00 asubuhi

Wodini. Mgonjwa ana miaka thelathini na kitu, alidungwa miaka sita iliyopita katika chumba cha kupanga. Swali lake ni lile wanalouliza karibu wote.

"Sista, leo mtatoa yote?"

"Hapana, dada. Daktari atatoa ile iliyokuwa ngumu na ile iliyooza. Nyingine itabaki."

Jibu hilo lazima alisikie kabla ya kulala. Wengi huja wakidhani wana kitu kama mfuko, kinachovutwa mara moja kikatoka chote. Silikoni ya matiti ya hospitali ina ganda, hii haina. Ilimiminwa ikiwa maji mazito, ikajipenyeza kati ya mafuta ikiwa matone madogo yasiyohesabika, na mwili ukajenga ukuta wa kovu kuzunguka kila tone. Kisha uzito wake ukaivuta chini: kutoka makalio hadi mapaja, kwa wengine hadi nyuma ya goti na kwenye shavu la mguu. Ndiyo maana mashine ya kunyonya mafuta haimsaidii mtu wa aina hii. Inanyonya mafuta mazuri yaliyo laini na kuacha kovu lililoshika silikoni.

Aliyemdunga alimwambia ni "silikoni ya hospitali". Silikoni ya maji iliyo halali hospitalini ni ile ya ndani ya jicho, ya kushikilia retina iliyobanduka, mililita chache tu. Kwa kuongeza makalio na nyonga haijaidhinishwa, na mwezi wa Novemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi juu ya jambo hilo. Kinachodungwa vyumbani kinaweza kuwa silikoni ya viwandani, mafuta ya parafini au jeli isiyo na jina. Kesi zilizofika mahakamani Marekani zimeonyesha matundu ya sindano yakizibwa kwa supagluu na pamba.

Faili. Hemoglobini 12.1, painti 2 za damu zimelinganishwa. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini B na C vimepimwa, kwa sababu katika vyumba hivyo hujui sindano ilitoka kwa nani. Kalsiamu 2.5. Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika zaidi. Chembe za kinga zinazoizingira silikoni hutengeneza vitamini D yenye nguvu bila kuongozwa na figo, kalsiamu ikapanda kwenye damu. Mtu akawa na kiu isiyoisha, choo kigumu, uchovu, na figo zikaharibika taratibu. Kawaida ni kama 2.2 hadi 2.6. Angekuwa na 3.2 tungemrudisha kwa madaktari wa figo kwanza. Na mtu mwenye silikoni mwilini asijinunulie vidonge vya kalsiamu au vitamini D dukani kabla ya kupimwa.

Saa 1.45 asubuhi

Daktari mpasuaji anamchora akiwa amesimama. Akilala, uvimbe utahama na ramani itapotea. Wino mweusi ni kwa sehemu ngumu, mwekundu kwa ngozi iliyobadilika rangi, na mistari ya mkato ni ya kijani. Picha ya MRI imebandikwa ukutani. Altrasaundi husaidia kuthibitisha kwamba silikoni ipo, lakini inachoonyesha ni kama ukungu mweupe unaoficha kila kilicho nyuma yake. Kina chake huoni. MRI ndiyo inayosema kama imebaki kwenye mafuta au imeingia msulini. Kwa mgonjwa huyu, kushoto imeingia.

Daktari wa nusukaputi ana swali lake moja analolikazia: baada ya kudungwa, ulipata kikohozi, homa au kukosa pumzi? Silikoni ikiingia kwenye mshipa wa damu husafiri hadi mapafuni. Dalili huanza ndani ya saa chache au siku chache: pumzi inakatika, kifua kinauma, makohozi yana damu, wengine wanachanganyikiwa. Casualty, idara ya dharura, wakiona homa na kikohozi wanafikiria nimonia, na mgonjwa kwa aibu hasemi kwamba amedungwa. Maneno sahihi ya kusema mlangoni ni machache: "Nilidungwa silikoni jana." Matibabu ni oksijeni na uangalizi wa karibu, mara nyingi ICU, hakuna dawa ya kuiyeyusha. Nasi Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pafu lililojeruhiwa lina akiba ndogo zaidi.

Saa 2.30 asubuhi

Analala akiwa chali kwenye troli, mpira wa kupumulia unaingizwa na kufungwa vizuri, mpira wa mkojo unawekwa. Kisha tunamgeuza. Watu sita, na anayeamuru ni aliyeshika kichwa, hakuna mwingine. Mito inakaa chini ya kifua na chini ya nyonga ili tumbo lining'inie bila kubanwa. Tumbo likibanwa damu hurudi nyuma kwenye mishipa na jeraha huvuja zaidi. Macho yamefunikwa na hayagusi kitu. Viwiko na magoti vina jeli, vidole vya miguu viko hewani.

Sefazolini, dawa ya kuzuia maambukizi, gramu 2 ndani ya saa moja kabla ya kisu; asidi ya traneksami, ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1. Tunasoma kadi ya usalama kwa sauti: jina, upande, kilichopangwa, hofu ya kila mmoja. Hofu ya daktari leo ni neva kubwa ya mguu wa kushoto.

Saa 3.15 asubuhi

Kwanza maji: adrenalini miligramu 1 katika lita 1 ya maji ya chumvi, yanadungwa chini ya ngozi pande zote, kisha dakika 10 hadi 15 za kungoja. Kungoja huko kunawashinda wenye haraka, lakini ndiko kunakopunguza damu.

Mkato unapita kwenye mkunjo wa chini ya kalio, na kwa kushoto unazunguka ngozi iliyokwisha kuwa ya zambarau, kwa kuwa hiyo haiponi. Sentimita mbili chini, kisu kinabadilika sauti. Mafuta ya kawaida ni ya njano, laini, yanateleza. Haya yamekuwa meupe na magumu, kisu kinakwaruza kama kinapita kwenye papai bichi. Kipande kikikatwa unaona vishimo vishimo kama sega la nyuki, na kila kishimo kinatoa tone angavu lisilo na rangi. Ukiligusa na kuachanisha vidole, linavutika uzi kama mrenda.

Kuanzia hapo kila kitu kinateleza. Maji ya chumvi hayaiondoi silikoni, yanaisambaza tu, kwa hiyo vyombo vinapanguswa kwa shashi kavu. Kila mmoja amevaa glavu mbili na ya juu inabadilishwa kila nusu saa au mara tu mkono unapoanza kuponyoka. Mashine ya kufyonza inaziba; niwe na vichwa vitatu vipana tayari, kimoja kikizibuliwa kwa waya huku kingine kikifanya kazi.

Swabu nazigawa mafungu mawili. Hesabu ya damu tunaifanya kwa kupima uzito wa swabu, gramu moja kwa takriban mililita moja. Swabu iliyolowa silikoni ina uzito karibu ule ule, ikichanganywa na za damu utamwambia daktari wa nusukaputi kwamba mgonjwa amepoteza nusu lita ambayo hakuipoteza, ataongezewa damu bure. Idadi, hata hivyo, ni moja: zote zinahesabiwa.

Saa 5.10 asubuhi

Kulia kumekwisha: donge kubwa na mawili madogo, gramu 410 kwenye mizani. Kushoto ndiko kwenye uamuzi.

Donge limeshikana na msuli mkubwa wa kalio, na matone yanaonekana kati ya nyuzi za msuli wenyewe. Ukifuata kila tone unamwacha mtu asiyeweza kuinuka kwenye kiti wala kupanda ngazi. Chini ya msuli kuna neva kubwa inayoshuka mguuni, na juu yake mshipa wa damu ambao ukikatika hujirudisha ndani ya nyonga, ukaendelea kuvuja mahali ambapo kibanio hakifiki. Daktari anasafisha hadi kwenye utando wa msuli, anakata eneo moja dogo lenye usaha, na kusimama hapo.

Sehemu ya pili anayoiachia ni ngozi. Wanaotaka kumaliza silikoni yote hukwangua hadi ngozi ikabaki kama karatasi. Siku ya pili inakuwa ya bluu, siku ya tano nyeusi, na sasa mgonjwa anahitaji kupandikizwa ngozi mahali anapokalia. Huachwa ngozi na mafuta yake, unene wa sentimita 1 hadi 2, hata kama una matone. Naona hili ndilo linalomtenganisha mpasuaji wa kazi hii na mwenye kisu tu: kujua cha kuacha.

Saa 6.30 mchana

Sampuli. Kosa la kila mara ni kutia vipande vyote kwenye fomalini. Fomalini huua vijidudu, maabara ikabaki bila cha kuotesha. Kipande cha histolojia, cha kutazamwa kwa darubini, kinaingia kwenye fomalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake. Vipande vya kuotesha, vitatu kutoka sehemu tofauti, vinaingia kwenye vikopo safi bila dawa yoyote. Vipande vya nyama, si pamba iliyopakwa usaha.

Kwenye fomu naandika kwa herufi kubwa: *silikoni ya kudungwa, tafuta mikobakteria isiyo ya TB, oteshea pia nyuzi 30.* Mikobakteria ni jamii ya vijidudu vya TB, na baadhi ya hivi vya ngozini hupenda ubaridi na havioti vizuri kwenye 37. GeneXpert, mashine ya kupimia TB, ikisema hasi imesema tu kwamba haikuona TB. Haijasema jeraha ni safi. Desturi ya maabara ni kuotesha vipande hivyo kwa wiki 6 hadi 8, na daktari asiyejua humpa mgonjwa amoksilini mara nne akishangaa kwa nini usaha haukauki.

Saa 7.15 mchana

Gauni mpya, glavu mpya, meza ya pili. Hesabu ya swabu: 42 zilitolewa, 42 ziko. Dreni, mipira ya kutoa damu na maji ya jeraha, mbili kila upande. Ngozi inashonwa chini kwenye utando wa msuli kwa mishono mingi midogo ili pasibaki uwazi, maana uwazi hujaa maji na maji huwa makao ya vijidudu. Kingo zinakaguliwa: zinatoa damu nyekundu, hazina matone. Tunafunga.

Saa 11.00 jioni

Wodini, analala kwa tumbo, anageuzwa ubavu kila saa 2. Enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda mishipani, miligramu 40 itaanza usiku, dreni zikionyesha haivuji. Mumewe anapewa maelekezo: wiki 3 bila kukalia makalio, chooni dakika chache tu, matatu hapana. Siku ya kwenda nyumbani Rongai alazwe kwa tumbo kiti cha nyuma cha gari. Dreni zinatolewa zikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Asikandwe, asidungwe kitu cha "kuyeyusha", na homa au ngozi kubadilika rangi ni kurudi siku hiyo hiyo. Awamu ya 2, miezi 6 hivi kuanzia leo, majibu ya maabara yakiwa mezani.

Saa 1.00 usiku

Amezinduka vizuri. Sauti imekwaruzika kwa ajili ya mpira.

"Imebaki ngapi, sista?"

"Kulia kidogo. Kushoto ile ya msulini, daktari atakuchorea kesho."

Namwonyesha muuguzi wa usiku alama za kalamu kwenye chupa za dreni. Kulia mililita 60, kushoto 90, nyekundu lakini inapauka. Ikipita 100 ndani ya saa moja, ampigie daktari bila kungoja raundi. Naandika saa kando ya kila alama.