Siku moja maishani mwangu: kuuza na kununua farasi, Weatherford Texas

Saa 11 alfajiri nishaamka, giza bado, farasi wanagonga ndoo wanataka chakula. Nipo Weatherford, magharibi ya Fort Worth, namsaidia mzee mmoja anayenunua na kuuza farasi aina ya Quarter Horse. Ndo farasi wa kuchunga ng'ombe hawa, wafupi kiasi, makalio yamejaa nyama kwelikweli, na jina limetokana na mbio za robo maili, hapo hawakamatiki. Mi mtoto wa Monduli, nimekua nikienda mnadani na baba, kwa hiyo mambo ya udalali sikuyaanzia Texas.

Saa 2 asubuhi nimefagia, nimemwaga maji, kuna jike wa miaka 9 anauzwa leo na sijamgusa. Mzee ana sheria moja, farasi hatandikwi kabla mnunuzi hajafika. Ukikuta keshapandwa, kaloa jasho, jiulize kwa nini wamemchosha mapema, maana farasi mkorofi akichoka anakuwa mpole, na mwenye mguu uliokakamaa akishapata moto hachechemei tena. Mwaka jana tulinunua mmoja mahali fulani tukiwa na haraka, mtulivu hadi raha, siku ya tatu dawa ya maumivu ikaisha mwilini akaanza kuchechemea. Dola 4,500 zile. Iliniuma sana na bado inaniuma, ila kilichoniumiza zaidi ni yule farasi, alipandwa anaumwa na hana mdomo wa kusema.

Saa 3 wateja wakafika, mama na binti yake wa miaka 12 hivi. Nikaenda nao malishoni, nikamwambia binti amvishe kamba mwenyewe, jike akainamisha kichwa. Daktari wa mifugo waliyemleta wao (hapo nawapongeza, usimtumie daktari wa muuzaji) akamkunja mguu wa mbele akaushikilia kama dakika nzima, akauachia, nami nikakimbia na jike palepale juu ya zege. Unasikiliza kwato tu, ta-ta-ta-ta, moja ikilegea unaijua. Mguu wa kulia hatua mbili za kwanza zikawa nzito kidogo kisha akanyooka. Mzee hakubisha, akashusha dola 500. Mama akauliza na HYPP, ule ugonjwa wa misuli wa kurithi uliotoka kwa dume aliyeitwa Impressive, na kweli upande wa mama yake huyu jike Impressive yumo, ila tulishampima na hana, karatasi tukampa pamoja na ya Coggins, kipimo cha damu cha ugonjwa wa anemia ya kuambukiza ya farasi. Saa 6 wakaondoka naye.

Saa 9 alasiri tukaenda kuangalia dume aliyehasiwa, tangazo linasema miaka 8. Rangi nzuri, mkia umechanwa, mwenyewe maneno mengi. Nikamfungua mdomo. Jino la pembeni la juu lina kamfereji kanakoanza kuonekana kwenye miaka 10, kakifika katikati ya jino ni kama 15, na hapa kalikuwa kameshapita katikati, nikamwonyesha mzee kwa kidole bila kusema kitu, akashukuru tukapanda gari. Farasi wa miaka 16 ana kazi yake na ni mwalimu mzuri wa watoto, si angesema tu ukweli tungemnunua kwa bei yake!

Saa 2 usiku. Nimeshalisha, nimekaa na fomu ya kubadilisha umiliki inayokwenda AQHA, chama cha Marekani kinachosajili Quarter Horse. Wauzaji wengi hapa wanachukua hela halafu fomu inakaa droo miezi, mtu anafuga farasi ambaye kwenye karatasi bado ni wa mwingine. Mzee kasaini, nimesoma namba ya usajili mara mbili, bahasha nimeibandika. Kesho nikishalisha tu, posta.