Nirudishie Mia Yangu

Ilikuwa mwezi wa pili, upepo wa kaskazi umelegea na nyumba za bati za Ngamiani, Tanga, hazilaliki. Mjukuu wa shangazi akaanza kuweweseka, mwili unawaka. Shangazi akakumbuka kipimajoto alicholetewa na mwanawe kutoka Marekani, akamtia mtoto kwapani. Kilipolia, akanipa mimi wa kidato cha tatu nimsomee.

"Mia na mbili nukta mbili."

"Lahaula! Maji si yanachemka kwa mia?"

Yanachemka, ndiyo, lakini kwa Selsiasi. Kile kilikuwa cha Farenhaiti. Nikachana boksi la dawa ya mbu nikapiga hesabu kwa nyuma: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Ikatoka 39 kamili. Homa kali, ila ya binadamu.

Tukamkanda kwa maji ya uvuguvugu, na katika kukaa macho ndipo nilipoanza kumwelewa Fahrenheit, mwenye kipimo hicho, ambaye darasani tulimcheka. Mwaka 1724 sifuri yake aliipata kwenye barafu, maji na chumvi, vitu visivyomhusu mtu wa Tanga. Lakini joto la mwili alilitia karibu na mia: yeye aliliweka 96, siku hizi tunahesabu 98 na ushei. Ukivuka mia, unaumwa. Celsius mwaka 1742 aliangalia maji tu, tena kichwa chini miguu juu: sifuri ndiyo kuchemka, 100 ndiyo kuganda, hadi wenzake walipoigeuza. Kwa sufuria, sina ugomvi naye. Kwa mgonjwa, kati ya mtoto anayecheza na wa kukimbizwa hospitali kuna nyuzi zake mbili tatu tu. (Hali ya hewa ndiyo hainisaidii kwa kipimo chochote. Redio ikisema 31 au 33, mimi nauliza kama upepo umekata.)

Asubuhi zahanati wakapima damu, malaria. Nesi akapima na joto, akaandika 38.4.

"Sasa mwanangu, hiyo ni homa au si homa?" shangazi akauliza.

"Homa, mama."

"Mbona ndogo hivyo?" Akatoa kipimajoto chake mkobani.

Nesi akakigeuzageuza, akabonyeza kitufe akakishikilia, F ikawa C. "Haya mama, sasa kitasoma kama changu."

Shangazi akakitazama kioo, akamnyooshea tena.

"Nirudishie mia yangu."