Namba ya cherehani si namba ya simu

Ujumbe wangu ulizuiwa saa tatu usiku kwenye soko la mtandaoni ninapouzia cherehani. Nilikuwa nimekaa sakafuni, cherehani ya zamani imelala ubavu mbele yangu, tochi nimeibana kwa meno. Mnunuzi alikuwa ameuliza swali la mtu anayejua anachotafuta: "Fundi, namba iliyogongwa kwenye kitako cha mashine ni ipi? Nataka kujua ilitengenezwa lini." Nikafuta grisi iliyoganda, nikaisoma, nikaiandika. Ilikuwa Singer ya kabla ya mwaka 1900. Kuanzia mwaka huo kampuni ilianza kutanguliza herufi kwenye namba za mashine zake. Za kabla ya hapo ni tarakimu tupu, na hii ilikuwa nazo nane zimefuatana. Nikatuma.

Hapo hapo likatokea onyo jekundu: umejaribu kutoa mawasiliano yako nje ya soko, ukirudia akaunti itafungiwa. Nikadhani nikiziachanisha tarakimu kwa nafasi mfumo utaelewa. Kumbe kuachanisha tarakimu ndiyo mbinu ya kwanza ya wanaoficha namba za simu, kwa hiyo nilionekana mkaidi aliyekanywa akarudia. Nikafungiwa siku saba. Nilikata rufaa mara mbili, na mara zote mbili nilijibiwa kwa aya ileile ya kanuni, neno kwa neno.

Nilikuwa na matangazo 11 hewani na wanunuzi watatu katikati ya mazungumzo. Wote watatu waliona kimya tu. Mmoja aliniandikia baadaye kwamba alishaamini mimi ni tapeli niliyetoroka, na sikumlaumu, maana hata mimi ningeamini hivyo.

Ninanunua cherehani mbovu, nazifungua, nazisafisha, nabadilisha mkanda, sindano na meno yanayosukuma kitambaa, kisha naziuza mtandaoni. Huu ni mwaka wa sita. Baada ya kufungiwa, wenzangu wanaouza vitu vilivyotumika walitarajia niandike kwamba kanuni ya kutobadilishana mawasiliano ifutwe. Siwezi kuandika hivyo. Naiunga mkono, na sababu yangu nimeishi nayo miezi minane.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nampa namba kila aliyeomba. Mtu mmoja akaniandikia, "Dada, nitumie namba tuelewane haraka, huku ujumbe unachelewa." Nikamtumia. Hakununua cherehani wala hakutaja bei. Wiki ya kwanza aliuliza kuhusu mota, wiki ya pili akauliza kama nimeolewa. Kwenye picha yangu ya WhatsApp nilikuwa na mwanangu amevaa sare, na siku moja akaniandikia jina la shule. Nikamzuia, akaja na namba nyingine. Nikaizuia nayo, akapiga kwa namba iliyofichwa, saa nane usiku, saa tisa, hasemi neno. Nilikuwa nazima simu nikilala, kisha naamka kuiwasha kwa hofu kwamba huenda mama yangu anaumwa na ananitafuta.

Mwisho nilibadilisha namba. Wasiowahi kufanya hivyo wanaiona ni kazi ya dakika tano. Namba ile ilikuwa imefungwa kwenye benki, kwenye barua pepe, kwenye kila akaunti inayotuma tarakimu za uthibitisho, na kwenye simu za wateja wote niliowapata tangu nianze. Wengine sikuwapata tena. Tungekuwa bado tunazungumza ndani ya soko, ningebonyeza mara moja nikawa nimemaliza, na yeye angebaki na jina la akaunti tu mkononi.

Basi mtu akiniambia kanuni hii ipo kwa ajili ya kamisheni ya wenye soko peke yake, najua hajawahi kuamshwa saa tisa usiku na pumzi za mtu.

Kanuni yenyewe ilikuja polepole. Pierre Omidyar alipofungua tovuti ya mnada iliyokuja kuitwa eBay, Septemba 1995, watumiaji walitambulikana kwa anwani zao za barua pepe. Anwani ndiyo ilikuwa jina lako sokoni, kila mtu akiiona. Kulikuwa na uzuri wake, maana uliongea na mtu moja kwa moja, na kuanzia 1996 watu wakaanza kupeana alama za sifa hadharani. Lakini anwani iliyo wazi huokotwa na yeyote. Matapeli walizoea kuangalia nani ameshindwa mnada, kisha wanamwandikia wakijifanya muuzaji: aliyeshinda amejitoa, wewe ndiye unayefuata, tuma pesa huku. Aliyeshindwa bado ana hamu ya kitu kile, na mwenye hamu hachunguzi sana. Leo eBay hairuhusu kupeana simu, barua pepe wala viungo vya mitandao ya kijamii kabla biashara haijakamilika ndani yake.

Craigslist, tovuti ya matangazo iliyoanza mwaka huohuo wa 1995 mikononi mwa Craig Newmark, ilichukua njia nyingine ninayoipenda zaidi. Haikukatazi kuandikiana barua pepe. Inakupa anwani ya bandia, barua zinapita kwake, na kila upande unabaki bila kuijua anwani halisi ya mwenzake mpaka mwenyewe aamue kuitoa. Amazon nayo humpa muuzaji anwani ya kupitishia tu badala ya ile halisi ya mnunuzi. Hapo mfumo unakulinda bila kukushuku, na kwangu tofauti hiyo ni kubwa sana.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana nao.

Soko linaloishi kwa kukata asilimia ya kila mauzo lina sababu ya pili ya kuficha namba: mkipeana, mtauziana nje, nalo halitapata kitu. Hilo si dhambi. Wamelipia mitambo, wamelipia watu wa kusuluhisha ugomvi, wameniletea mnunuzi nisiyeweza kumpata mwenyewe. Upwork, soko la kazi za mtandaoni, linalisema wazi: aliyekutana na mteja hapo anapaswa kulipwa kupitia hapo kwa miezi 24, na anayetaka kutoka mapema kuna ada ya kulipia. Unaweza kuuchukia mkataba huo, lakini umeusoma na umejua unafungwa na nini. Soko nililofungiwa mimi linataja neno "usalama" katika kila sentensi na halitaji kamisheni hata mara moja. Tukiambiwa nusu ya sababu, tunaanza kuitilia shaka hata nusu iliyo ya kweli. Nimewaona wauzaji wapya wakicheka onyo lile, "hao wanalinda pesa yao tu," kisha wanahamia pembeni na kuliwa.

China ilitoa mfano wa soko lililopanga mapato yake tofauti. Taobao ilianzishwa mwaka 2003, mwaka uleule eBay ilipokamilisha kuinunua EachNet, soko la mnada lililokuwa likiongoza kule. Taobao haikutoza wauzaji, kwa hiyo haikuwa na kamisheni ya kukimbiwa. Ikawapa mnunuzi na muuzaji chombo chao cha kuzungumza papo kwa papo, wakauliziana na kupatana bei kadiri walivyotaka. Pesa zililindwa na Alipay, huduma ya malipo iliyoanza 2004, ikizishika mpaka mnunuzi athibitishe amepokea mzigo. Kufikia Desemba 2006 eBay ilifunga tovuti yake kuu kule na kuingia ubia na kampuni ya huko. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi. Nikiwa muuzaji, ninachokiona mimi ni kwamba pale pesa zilipowekewa ulinzi madhubuti, maneno yaliachwa huru.

Ulinzi huo wa pesa ndio unaopotea mtu akikuambia "njoo pembeni". Dada mmoja anayeuza vitambaa aliniomba ushauri, mambo yakiwa yameshaharibika. Mnunuzi alitaka barua pepe yake "ili nikutumie uthibitisho wa malipo". Uthibitisho ukaja, una nembo na rangi za soko, umeandikwa kwamba pesa zimeshikiliwa mpaka atume namba ya kufuatilia mzigo. Akatuma mzigo. Pesa hazikuwahi kuwepo. Soko lilipotazama rekodi zake halikuona mauzo yoyote, halikuwa na cha kurejesha.

Kuna na utapeli wa tarakimu sita. Unayemuuzia anasema anataka kuhakikisha wewe si roboti, "nitakutumia tarakimu kwenye simu yako, nisomee." Huko Marekani zimetumika hivyo tarakimu za Google Voice, huduma ya Google ya namba za simu za mtandaoni: ukimsomea, anafungua namba yake ya simu kwa kutumia yako, kisha anawatapeli wengine nyuma ya mgongo wako. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya huko imewahi kuwaonya watu juu ya hilo. Alichohitaji kuanzia ni namba yako tu, na ulimpa kwa sababu alisema anataka kununua kabati.

Jambo jingine halijadiliwi vya kutosha katika vikundi vyetu. Sheria mpya za nchi zimeanza kuvuta upande wa pili. Marekani, tangu Juni 2023, ina sheria ya kumlinda mnunuzi inayoyataka masoko yahakiki taarifa za wauzaji wakubwa, waliofikisha mauzo 200 yenye thamani ya dola 5,000 ndani ya miezi 12. Wale wanaofikisha dola 20,000 kwa mwaka hupaswa kuonyeshwa kwa mnunuzi kwa jina na mawasiliano. Umoja wa Ulaya nao, katika sheria yake ya huduma za kidijitali inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, unadai mfanyabiashara aonekane ni nani na apatikane wapi. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilitetemeka nikikumbuka ile miezi minane. Nilipolisoma mara ya pili nikaona haki yake. Anayeuza majiko ya gesi elfu moja hana haki ya kujificha likilipuka moja. Na sheria ya Marekani imemkumbuka mtu kama mimi anayefanyia kazi nyumbani: anaweza kuomba anwani ya makazi isionyeshwe yote, mradi apatikane kwa njia nyingine.

Ninachotaka sokoni kwetu kinafanana na hicho, kiende kwa hatua. Kabla ya malipo, namba ya mtu isitoke, na pale mfumo unapokosea, rufaa isomwe na binadamu. Mfundishwe, nyinyi mnaoutengeneza, kwamba kuna vitu vyenye tarakimu ndefu ambavyo si simu. Sindano ya kawaida ya cherehani ya nyumbani inaitwa 130/705 H. Nilishawahi kuonywa kwa hiyo pia. Wauza vipuri vya magari, wauza betri, wauza vitabu vyenye ISBN ya tarakimu 13, sote tunaishi kwa namba, na mnunuzi makini ndiye anayeziuliza. Mkimzuia asiijue namba ya kipuri, mnamlazimisha anunue kwa kubahatisha.

Baada ya malipo, fungueni. Kichwa cha cherehani ya chuma kina zaidi ya kilo 10. Kikiwa njiani, msafirishaji amepotea na mnunuzi amesimama mlangoni, ujumbe unaojibiwa baada ya saa nne haumsaidii mtu. Mpeni namba ya kupitishia, inayokufa baada ya siku 30, kama zile za baadhi ya teksi za mtandaoni, ambapo unampigia dereva na hakuna kati yenu anayeiona namba ya mwenzake. Na anayefungiwa, wanunuzi wake waambiwe akaunti imesimamishwa kwa uchunguzi, wasiachwe wadhani ametoroka.

Ile Singer iliuzwa. Siku ya nane nilipofunguliwa, mnunuzi alikuwa bado anasubiri. Nilipiga picha ya namba, nikaituma, ikapita. Akalipa usiku uleule. Mzigo ulipofika, akaniandikia kwamba hawezi kuupitisha uzi wa chini, na nilimwelewa: bobini ya mashine zile ni nyembamba na ndefu kama msumari, inakaa ndani ya kifuko chenye umbo la mtumbwi, na uzi unazungushwa kwa mpangilio ambao vidole vinaujua kuliko maneno. Nilijaribu kueleza kwa ujumbe mara tatu. Mara ya nne nikamwambia, sasa biashara imeisha, kanuni inaniruhusu, hii hapa namba yangu, nipigie.

Tuliongea dakika 40. Aliweka simu mezani, nikawa nasikia kifuko kikiingia na kutoka, na kila uzi ulipokatika alisema, "Ngoja fundi, narudia."